Nundu za Miti ya Rusizi

Msafiri aendaye Cyangugu kutoka Kigali hupita Huye, akapanda vilima vya Nyamagabe, na afikapo Kitabi huyaacha mashamba ya chai nyuma yake na kuingia ghafla katika kivuli cha msitu wa Nyungwe. Basi hupunguza mwendo kwa sababu ya kona. Abiria waliokuwa wakizungumza hunyamaza, wengine kwa usingizi na wengine kwa kuchafukwa na tumbo. Kando ya barabara husimama askari wa doria, wawili hapa, wawili kule, makoti yamewalowa kwa umande. Kwa kuwa gazeti hili husomwa sana na wenzao pamoja na jamaa zao, nawapa salamu kwanza kabla sijaingia katika jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni nundu. Mbele yangu katika basi alikaa mama mmoja na mtoto wake wa miaka sita hivi. Tulipokaribia Uwinka, mtoto akaona kando ya barabara mti mkubwa wenye uvimbe ubavuni, uvimbe wa mviringo, mweusi, ulioota kuvu, mkubwa kuliko ngoma. Akauliza kwa sauti iliyosikika basi zima: "Mama, mti huu una mimba?" Abiria wakacheka. Mama yake, kwa haya, akamjibu kwamba mti ule ni mgonjwa, anyamaze. Mimi niliyepata kufunzwa ualimu kabla ya kuingia kazi ya ofisi niliwashwa na ulimi, lakini basi likaingia katika kona nyingine na kila mtu akashika kiti chake. Jibu nililomnyima mtoto yule nitalitoa hapa.

Nundu ya mti si mimba, na si ugonjwa kwa maana ya mti kuelekea kufa. Chini ya gome la mti kuna macho yaliyolala, yaani vichipukizi ambavyo havijaamka vikawa matawi. Mti ukijeruhiwa kwa panga au kwa tawi kukatika, ukiunguzwa na moto, ukiingiwa na wadudu au kuvu, mara nyingine mahali palepale macho hayo huanza kuzaliana kwa wingi pasipo kuchipua. Jicho huzaa jicho, mbao huzunguka jicho, na mwaka baada ya mwaka uvimbe hukua na kufunikwa na gome kama sehemu nyingine ya shina. Mti wenye nundu waweza kuishi miaka mingi pamoja nayo, kama vile mtu mwenye rovu aendavyo sokoni na kurudi. Ukiipasua nundu, huoni nyuzi zilizonyooka kama za mbao ya kawaida. Utaona mawimbi, mizunguko na vijicho vingi vidogo, kana kwamba mtu amemwaga choroko juu ya maji yanayozunguka. Hiyo ndiyo sababu mafundi wa dunia nzima huitamani.

Basi tulipita Gisakura, tukatelemka Ntendezi, na ziwa Kivu likaonekana. Wilaya hii imeitwa Rusizi tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, lakini waliozaliwa huko bado husema Cyangugu, nami sioni kosa. Cyangugu yenyewe ni mtaa wa zamani ulio chini, kando ya maji, karibu na daraja la kuvukia Bukavu; mji wenye pilikapilika, Kamembe, uko juu mlimani. Alfajiri kina mama hushuka na beseni za nyanya na isambaza kuelekea mpakani, na jioni hupanda na khanga na sabuni. Kiswahili husikika kila kona, cha Bukavu, cha msikitini na cha madereva, kiasi kwamba mgeni asiyejua Kinyarwanda hapati taabu.

Kazi iliyonipeleka ilimalizika mapema kuliko nilivyodhani, ikabaki siku mbili. Nikazitumia kumtafuta fundi niliyesimuliwa habari zake, mzee anayekereza mabakuli kwa mashine aliyoiunda mwenyewe kwa mota ya kinu kibovu. Nilimkuta nyuma ya soko, amejifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, miguu imezama katika maranda. Juu ya rafu alikuwa na mabakuli saba. Sita yalikuwa mazuri. La saba sikuweza kuondoa macho juu yake: lilikuwa na rangi ya asali iliyoiva, lenye macho na mawimbi, na ukingoni ameliacha gome la mti kama lilivyoumbwa.

"Mti gani huu, mzee?" nikamwuliza.

"Mwalimu," akanijibu, maana nilikuwa nimekwisha kujieleza, "huo ni mkaratusi. Hata wewe umeupikia chai asubuhi."

Sikuamini. Nilidhani mbao ya namna ile yatoka katika miti mikuu ya msituni. Mkaratusi! Mti ulioletwa na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20, ambao leo umevaa vilima vya Rwanda kama nguo, tunaoutumia kwa kuni, nguzo na makaa, na kuulaumu kila mwaka kwamba hunywa maji ya visima. Fundi akanieleza jambo ambalo wenye mashamba hulijua kwa matendo bila kulipa jina. Aina nyingi za mikaratusi hujiwekea nundu chini kabisa, shina likutanapo na mizizi. Humo mti huficha macho yake na akiba ya chakula. Ndiyo maana ukikata mkaratusi leo, baada ya miezi michache kisiki huchipua fimbo tano, na baada ya miaka kadhaa una nguzo tena bila ya kupanda. Nundu ile ya chini ndiyo ghala na ndiyo kitalu.

Hapo nikamsimulia aibu yangu. Nilipokuwa chuoni kusomea ualimu, mimi na wenzangu wawili tuliona nundu nzuri katika jakaranda kuu lililotia kivuli uwanja wa mikutano. Tukaazima msumeno, tukaikata siku ya Jumamosi, na mwalimu wa kazi za mikono akatusifu. Tukaianika juani ili ikauke upesi. Siku ya tano ikapasuka vipande vitatu kwa mlio kama wa bunduki ndogo, wala hatukupata bakuli wala kijiko. Lakini hasara kubwa haikuwa hiyo. Jeraha tuliloliacha shinani lilikuwa pana kama ungo. Mvua ikaingia, kuvu ikaingia, na kabla sijamaliza masomo kiini cha mti kilikuwa kimeoza, ikabidi ukatwe usije ukaanguka juu ya watoto. Tangu hapo uwanja ule hauna kivuli.

Mzee hakucheka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kesho nakwenda kuangalia nundu kwa mukecuru mmoja. Twende pamoja, ukamsimulie hiyo."

Mukecuru ndivyo aitwavyo kwa heshima bibi mzee katika Kinyarwanda. Nyumba yake iko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka barabara kuu, chini ya mteremko mkali, na juu ya mteremko huo ipo mikaratusi minne aliyoipanda marehemu mume wake. Mmojawapo, ulio mnene kupita yote, una nundu kifuani, kubwa kama pipa lililokatwa nusu. Mnunuzi kutoka mjini alikuwa amekwisha fika, akampa bei: faranga elfu thelathini kwa nundu peke yake, mti aubakize. Bibi aliona hiyo ni neema iliyoshuka. Mjukuu wake wa kike amefaulu kwenda sekondari ya bweni, na Septemba iko mlangoni. Kuna godoro, sare, madaftari na ndoo ya kutolewa.

Fundi aliuzunguka mti mara mbili. Akagonga kwa mpini wa tezo, akasikiliza, akapima kwa shubiri. Akamwonyesha bibi mahali msumeno utakapopita na ukubwa wa kidonda kitakachobaki. Akamwonyesha pia upande ambao mti umeinamia, nao ulikuwa upande wa paa la nyumba. Mimi nikasimulia habari ya jakaranda. Kisha tukakaa kimya, maana katika Mkoa wa Magharibi hakuna mtu asiyekumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua ilipoangusha vilima juu ya nyumba na watu zaidi ya 130 kupoteza maisha nchini. Rusizi haikuwa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi, lakini mteremko ni mteremko.

"Mimi siununui," akasema fundi. "Na ukiniuliza, usimuuzie mtu."

Bibi akatutazama kwa zamu. "Mnasema vizuri," akasema. "Na godoro mtalinunua ninyi?"

Nakiri kwamba swali hilo lilinichoma. Ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara kumwambia mjane asikate mti. Ofisini tunaandika mabango ya kulinda miti kwa wino mzuri, lakini mwenye mti ndiye anayelala na ada ya shule kichwani. Mfukoni nilikuwa na nauli ya kurudia na kidogo cha chakula.

Hapo fundi akauliza kama anaweza kuona jikoni. Nilidhani anataka maji ya kunywa, kumbe macho yake yalikuwa yamekwisha kuona kilichoko nyuma. Karibu na rundo la kuni palikuwa na visiki vitatu vya mikaratusi iliyokatwa kwa kibali miaka iliyopita. Kimoja kilikuwa kimeacha kuchipua kitambo, mvua za Aprili zikakifukua na kukitelemsha hadi ukutani mwa jiko, na bibi alikuwa akikimenya kwa shoka kidogo kidogo, kila siku kuni za maharagwe. Fundi akapiga magoti, akakwangua udongo, akalowesha kwa mate mahali palipokatwa. Macho ya nundu yakaonekana, mengi, mekundu, yamebanana kama kumvi.

"Bibi," akasema, "unapikia maharagwe kwa mabakuli."

Mapatano yalichukua muda mrefu kuliko safari. Fundi alitoa elfu kumi na mbili kwa kisiki hicho. Bibi akasema elfu kumi na mbili si elfu thelathini, na hesabu yake haikuwa na kosa. Mwishowe wakaafikiana hivi: fundi alipe elfu kumi na mbili papo hapo, akereze, na mabakuli yakiuzwa, nusu ya faida imrudie bibi, ili ipatikane kabla ya muhula wa pili wa Januari. Bibi akataka iandikwe. Basi nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaandika hati ya mapatano kwa nakala tatu kama tulivyozoea kazini, fundi akatia sahihi, bibi akatia kidole gumba. Kwa mnunuzi wa mjini aliagiza neno moja tu: aje mwakani. Hakusema atamwuzia wala hatamwuzia. Visiki viwili vilivyobaki fundi alimkataza asivichimbue, kwa maana vingali vinachipua na mizizi yake ndiyo iliyoshika udongo wa ule mteremko.

Yafaa niseme hapa neno kuhusu msitu, kwa sababu habari ya nundu ikienea, wapo watakaofikiri njia ya mkato. Nyungwe ni hifadhi ya taifa yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,019, na mwaka 2023 iliandikwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kipande chake kilichotengwa, Cyamudongo, kiko hukuhuku Rusizi, msitu mdogo uliozungukwa na mashamba, na bado sokwe wanaishi humo. Humo mtu haruhusiwi kukata tawi, sembuse nundu. Hata mti ulio katika shamba lako mwenyewe una taratibu zake za kibali, na ofisi ya sekta ndipo mahali pa kuuliza kabla ya kunoa msumeno. Wenzetu wa nchi tajiri hawakusalimika na tamaa hii. Katika jimbo la California, Marekani, imo miti ya redwood iliyo mirefu kuliko yote duniani, nayo huota nundu shinani. Wezi walikuwa wakiingia usiku na misumeno ya mota, wakazichonga na kuacha miti mikongwe ina mapengo. Machi 2014 walinzi wa hifadhi walilazimika kufunga usiku barabara moja maarufu ipitayo ndani ya miti hiyo. Huko Moroko, mjini Essaouira, mafundi hutengeneza masanduku mazuri mno kwa nundu ya mizizi ya mti wa thuya, na kwa kuwa nundu hiyo huchimbuliwa kutoka ardhini, mti ambao ungechipua tena haupati cha kuchipulia.

Wavuta kiko nao wajue wanachoshika mkononi. Kiko kizuri cha mti kimetoka katika nundu ya chini ya kichaka kiitwacho kwa Kifaransa bruyère, kimeacho kando ya bahari ya Mediterania, na mji wa Saint-Claude huko Ufaransa ulipata jina kwa kazi hiyo tangu karne ya 19. Nundu hiyo huchemshwa kwa saa nyingi ili kutoa maji yake makali, ikakaushwa miezi mingi, na ndipo huvumilia moto bila kuungua. Jamaa za kichaka hicho zinaota katika vilele vya Nyungwe, lakini zimo ndani ya hifadhi, basi tuziangalie kwa macho.

Askari mmoja niliyemsimulia habari hizi aliniuliza kama nundu yafaa kwa kitako cha bunduki. Bunduki za wawindaji matajiri hutiwa vitako vya mbao yenye maua ya namna hii, hasa mti wa mjozi. Kwa bunduki ya vita ni jambo jingine. Nyuzi za nundu zimejisokota bila mpango, hivyo mbao haina uti wa kupokea kishindo. Mbao iliyonyooka ndiyo hushinda. Nundu yafaa bakuli, sanduku, mpini wa kisu na kifuniko cha mtungi.

Kwa wasomaji wa kurasa za nyumbani walio na kisiki kilichokufa uani, nitaeleza alivyonielekeza mzee. Kisiki kikatwe kikubwa kuliko kitu unachokusudia, kwa maana lazima kitasinyaa. Pale palipokatwa pakwe nta ya nyuki iliyoyeyushwa, au hata rangi nzito, ili unyevu usitoke kwa haraka. Mbao hupasuka kwa sababu nje hukauka na kukaza huku ndani kungali na maji. Kiwekwe kivulini, juu ya vijiti, upepo upite chini, wala kisianikwe juani kama tulivyofanya sisi wajinga wa chuo. Kipande kinene chahitaji mwaka na zaidi. Fundi mwenye haraka hukereza bakuli zito kikiwa kibichi, akalifukia katika maranda yake miezi kadhaa mpaka likae sawa, ndipo hulimaliza kwa patasi kali na msasa. Anayefanya kazi hii afunike pua na mdomo, vumbi la mbao ni adui wa mapafu. Bakuli likiisha, lipakwe mafuta na nta, lisilazwe ndani ya maji wala kuachwa na sabuni usiku kucha. Mama zetu wa Rwanda walitunza icyansi cha maziwa kwa samli na moshi wala hakuna aliyewafundisha.

Siku ya kuondoka fundi alinipa kipande cha kisiki kile, kizito kama jiwe, akakifunga kwa gunia. Kwa kuwa nilijua barabara nitakayopita, niliomba barua katika ofisi ya akagari, ngazi iliyo juu ya kijiji, ikaeleza kwamba mti umetoka shambani kwa mtu na si msituni. Nilifanya vema. Tulipokuwa hatujafika Kitabi basi letu lilisimamishwa, na polisi kijana akapanda kukagua mizigo. Akagusa gunia langu kwa mguu.

"Hili jiwe ni la nani?"

"Ni langu, afande. Ni mti."

Akalifungua. Akasoma barua mara mbili, akaigeuza kutazama muhuri kwa nyuma, akaniuliza umetoka sekta gani na nani mwenye shamba. Nikamjibu. Kisha akainama, akapitisha kidole pale fundi alipokuwa amekwangua, juu ya vile vijicho vyekundu.

"Na litakuwa nini?"

"Bakuli," nikasema. "Mwakani, Mungu akipenda."

Akalifunga gunia vizuri kuliko nilivyolifunga mimi, akanirudishia barua. "Ukipita tena mwakani," akasema, "usilifiche chini ya kiti. Nataka kuliona."